Pweza Hawekwi Akiba

Kila mwamba wa baharini uliofungwa usivuliwe pweza kwa miezi mitatu unapofunguliwa, picha zinazosambaa mitandaoni hufanana: lundo la pweza juu ya turubai, mizani inayoning'inia, wanakamati wa wavuvi wamesimama nyuma, na mtu mmoja ameinua pweza mrefu kama mtoto wa shule. Maelezo nayo hufanana: bahari imepumzishwa, pweza wameongezeka. Utaratibu huu ulianza Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagascar, mwaka 2004, na sasa umeenea mwambao wetu, kuanzia Kisiwa Panza kule Pemba hadi Pate katika visiwa vya Lamu. Mimi ni miongoni mwa wanaouunga mkono. Lakini naona wanaousifu wanauelewa vibaya sawa na wanaoupinga, na uelewa mbovu huzaa kanuni mbovu. Lundo la siku ya kufungua halithibitishi kwamba pweza wameongezeka. Linathibitisha kwamba waliokuwapo wameachwa wakakua. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kijiji kinachoyachanganya kinaweza kufunga mwamba wake kila mwaka, kikashangilia kila mwaka, na bado kikabaki na pweza wachache zaidi muongo hadi muongo.

Pweza anayevuliwa zaidi kwetu ni yule ambaye wanasayansi humwita Octopus cyanea, pweza wa mchana, anayepatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Hawaii. Watu humstaajabia kwa mioyo mitatu, kwa damu ya buluu inayobeba oksijeni kwa madini ya shaba badala ya chuma, na kwa ngozi inayobadilika rangi papo hapo ingawa macho yake, kwa kadiri tunavyojua, hayatofautishi rangi. Kwa jamii iliyochunguzwa zaidi, pweza wa kawaida, imehesabiwa kwamba chembe za neva ni kama milioni 500, na nyingi kati ya hizo zimo mikononi, si kichwani. Yote hayo yanastahili mshangao. Kwa anayepanga uvuvi, hata hivyo, ajabu kubwa kuliko zote ni ufupi wa maisha. Mnyama huyu mwenye akili kiasi hicho huishi mwaka mmoja hivi, pengine na miezi michache juu yake. Yule mwenye kilo nne anayeinuliwa kwenye picha, mwaka juzi hakuwapo baharini. Amekua kwa kasi ambayo samaki wachache wanaifikia, na akiwa mdogo uzito wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo ukiwaacha pweza wa nusu kilo kwa miezi mitatu utawakuta na kilo kadhaa, bila idadi yao kuongezeka hata mmoja. Ndilo lundo lile.

Takwimu zinazotegemewa zaidi kuutetea utaratibu huu zilichapishwa mwaka 2015 na Thomas Oliver na wenzake, waliochunguza matukio 36 ya kufunga miamba huko Madagascar. Katika siku 30 baada ya kufungua, pweza waliofikishwa pwani waliongezeka kwa asilimia 718 wakilinganishwa na siku 30 kabla ya kufunga. Hiyo ndiyo namba inayopendwa. Ndani ya utafiti huohuo ipo namba ya pili, isiyotajwa sana: alichopata kila mvuvi kiliongezeka kwa asilimia 87. Zisome pamoja. Mzigo wa jumla umekua mara nane, mzigo wa mvuvi mmoja haukufika hata mara mbili. Pengo lililobaki limejazwa na watu. Kwa hesabu ya haraka, nguvu ya uvuvi katika mwezi wa kufungua ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile ya kabla. Mwamba uliolindwa kwa miezi unapokea kwa siku chache za bamvua, maji yanapokupwa sana, watu wengi kuliko siku yoyote ya kawaida, wakiwamo waliotoka mbali ambao hawakukosa usiku hata mmoja wa kitoweo wakati umefungwa. Wale majike waliobakiza wiki mbili kutaga wanachokolewa pamoja na wengine wote.

Na jike aliyebakiza wiki mbili kutaga ndiye kiini cha jambo zima. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Huingia pangoni, huziba mlango kwa mawe, hutundika mayai yake kwenye dari kama shada, laki kadhaa kwa mara moja, kisha hukaa nayo akiyasafisha na kuyapulizia maji kwa takriban mwezi mzima. Muda wote huo hatoki kuwinda. Mayai yakishaanguliwa hufa. Kwa miaka mingi watu walidhani anakufa kwa uchovu na njaa. Mwaka 1977 Jerome Wodinsky wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, alionyesha vinginevyo: alipowatoa pweza wa Karibi waliokuwa wakiatamia tezi mbili ndogo zilizo nyuma ya macho, waliacha mayai, wakarudi kula, wakaongezeka uzito na kuishi muda mrefu zaidi. Mauti ya mama yamepangwa mwilini mwake. Hakuna pweza jike anayezaa mwaka huu akazaa tena mwakani. Kwa chewa, majike wazee wakubwa huweza kukivusha kizazi katika miaka mibaya kwa sababu wanaishi na kutaga mara nyingi. Pweza hana wazee. Kizazi chote cha mwakani kimo tumboni mwa majike wa mwaka huu, na aliyekamatwa kabla ya kutaga ameondoka na mchango wake wote, si sehemu yake.

Hapo ndipo sheria zetu zinapopwaya. Tanzania Bara imekataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, na Madagascar iliweka kiwango cha gramu 350. Ni kanuni nzuri kwa kuzuia watoto wasiishie kwenye chungu cha supu. Lakini vipimo vilivyofanywa Madagascar kwa pweza huyuhuyu vinaonyesha kwamba jike hukomaa anapokaribia au kuvuka kilo mbili, ilhali dume hukomaa akiwa mdogo zaidi. Maana yake, jike mwenye gramu 600 ni halali kwenye mizani na ni mbali sana na kutaga. Mvuvi anaweza kufuata sheria maisha yake yote bila kuacha jike hata mmoja aliyezaa. Wala simlaumu mvuvi, kwa kuwa kupandisha kiwango hadi kilo mbili kungekuwa sawa na kuwapiga marufuku akina mama wanaotembea juu ya mwamba maji yakitoka, kwani pweza wanaowapata huko ni wadogo na wa kati. Wakubwa zaidi hupatikana kina kinapoongezeka. Zamani maji hayo ya kina yalikuwa hifadhi yasiyohitaji tangazo. Siku hizi vijana wenye miwani na mapezi ya kuogelea wanayafikia. Kufunga mwamba kwa muda ndiyo njia iliyobaki ya kumpa jike nafasi ya kuvuka kilo mbili. Lakini inampa nafasi hiyo tu ikiwa muda unatosha kufika kwenye kutaga, na ikiwa mwezi umechaguliwa kwa kuangalia majike, si kwa kuangalia lini wageni rasmi wanaweza kuhudhuria ufunguzi.

Wanaopinga wana hoja, na kubwa kuliko zote ni ya wanawake. Pweza wa miguuni, yaani anayefuatwa kwa mkonjo, fimbo yenye ncha ya kumchokolea, wakati wa bamvua bila chombo wala mafuta, kwa sehemu kubwa ni riziki ya akina mama. Ukifunga mwamba wa karibu, kijana mwenye mashua anasogea mwamba mwingine, lakini mama mwenye mtoto mgongoni hana pa kusogea. Ukiufungua, yule mwenye mashua na miwani anawahi kufika na kuchagua wakubwa. Nimesikia malalamiko haya kusini mwa Pemba yakitolewa kwa utulivu unaoumiza, na sina jibu la kuyafuta. Watetezi husema utafiti wa Madagascar haukuona kushuka kwa kipato cha vijiji wakati wa kufunga. Ni kweli. Lakini kule eneo lililofungwa lilikuwa kama sehemu moja ya tano ya maeneo ya uvuvi ya kijiji, na wastani wa kijiji huweza kumficha mjane mmoja asiye na mume wa kumletea samaki. Kijiji chenye mwamba mpana kinaweza kufunga kipande na maisha yakaendelea. Chenye ukanda mwembamba kinapofunga, kimewafunga watu fulani, na watu hao wanajulikana kwa majina.

Hoja ya pili husemwa na wavuvi wazoefu: mkifunga muda mrefu, pweza watakufa wenyewe bure. Hii nayo ina ukweli ambao wahifadhi wengi hawaukubali kwa uwazi. Pweza si ng'ombe wa kuongeza zizini. Baada ya kutaga amekwisha, na dume naye huzeeka na kufa karibu umri huohuo. Kufunga miezi minane hakukupi lundo kubwa kuliko la miezi mitatu, na huenda ukalikuta dogo zaidi, kwa sababu wengi watakuwa wameshamaliza safari yao. Ninachokataa ni neno "bure". Jike aliyekufa baada ya kuangua ameacha kitu baharini. Aliyekufa kwenye ndoano wiki mbili kabla hakuacha. Mvuvi anapopima kilo zilizopotea kwa kifo hicho, anapima upande mmoja tu wa mizani.

Dhaifu kuliko zote ni hoja inayopendwa na wafanyabiashara: pweza hutaga laki na laki, hawezi kwisha. Mara nyingine huungwa mkono na utafiti wa mwaka 2016 wa Zoë Doubleday na wenzake, ulioonyesha kwamba pweza, ngisi na dome wameongezeka katika bahari za dunia tangu miaka ya 1950. Hebu tuichukue hoja hiyo kwa uzito wake. Ikiwa idadi ya pweza haipandi wala kushuka, basi katika mayai yote ya jike mmoja wanaofika kuzaa ni wawili kwa wastani: mmoja wa kuchukua nafasi yake, mwingine ya dume. Waliobaki wote ni chakula cha bahari. Wingi wa mayai ni kipimo cha ukubwa wa hasara, haukuachii ziada ya kutumia. Ama ule mwelekeo wa dunia, ulikusanywa kutoka bahari nyingi na jamii nyingi, na haumwambii mtu lolote juu ya mwamba mmoja unaokanyagwa na vijiji vitatu kila bamvua. Tena maisha mafupi hukata pande zote mbili. Kinachowafanya wapande haraka mazingira yakiwa mazuri ndicho kinachowaporomosha haraka yakiwa mabaya, kwani hakuna kizazi cha akiba nyuma yao.

Ziko pia sauti kutoka nje zinazosema pweza asivuliwe kabisa kwa sababu ana akili na anahisi maumivu. Uingereza ilimtambua kisheria kuwa mnyama mwenye hisia mwaka 2022, na mwaka 2024 majimbo ya Washington na California yalipiga marufuku ufugaji wake. Ushahidi wa akili yake siupingi. Pweza wetu huyu wa mchana amerekodiwa katika Bahari ya Shamu akiwinda pamoja na samaki wa aina mbalimbali, na akimpiga ngumi samaki asiyefaa katika kundi. Naamini hilo linatudai kumuua kwa haraka, na linatosha kunifanya nipinge kumfungia kwenye mabwawa yenye msongamano. Halitoshi kumnyang'anya mama wa Pemba kitoweo na ada ya shule.

Turudi kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote na ambalo halizungumzwi pwani hata kidogo. Mtoto wa pweza akianguliwa haendi kukaa kwenye mwamba wa mama yake. Ni mdogo kama punje ya mchele, anaelea na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa nguvu zaidi wakati wa kusi. Hivyo kijiji kinachofunga mwamba kinajitengenezea kilo, lakini watoto kinawatengenezea wengine, huenda walio kaskazini yake, na kinawategemea walio kusini kwa pweza wake wa mwakani. Ukubwa wa pweza ni faida ya nyumbani. Wingi wa pweza ni mali ya mwambao mzima. Hapa ndipo maelezo ya "tumefunga, wameongezeka" yanapoleta madhara ya kweli: siku kijiji kilichofunga kwa uaminifu kitakapopata mwaka mbaya, wenyeji watasema mradi ni uongo, kumbe kosa halikuwa lao. Kijiji kimoja kufunga peke yake ni sawa na kupanda mbegu kwenye upepo. Kamati za shehia (maeneo madogo ya utawala ya Zanzibar) za Pemba, BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe) za Tanga na Kilwa, na zile za Kwale na Lamu nchini Kenya zina sababu ya kibayolojia, si ya kidiplomasia tu, ya kukaa meza moja na kupanga miezi kwa pamoja.

Kosa jingine linaloninyima utulivu ni kuona mafanikio ya pweza yakitumiwa kama kielelezo cha kufunga kila kitu kwa miezi mitatu. Hata ndani ya ukoo wake kalenda hazilingani. Ngisi na dome nao wanaishi maisha mafupi, lakini hutaga na kuondoka, hivyo kinachohitaji ulinzi ni mahali pa mayai, majani ya bahari na matumbawe, zaidi ya mama. Katika bonde la Monterey, pwani ya California, Bruce Robison na wenzake walimrejea pweza mmoja wa kina cha mita 1,400 mara kwa mara na kumkuta akiatamia mayai yaleyale kwa miezi 53. Nautilasi, jamaa yao mwenye kombe, huchukua miaka kumi au zaidi kukomaa, na biashara yake iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 2016. Miezi mitatu kwa wanyama hao haina maana yoyote. Basi itakuwaje kwa chewa anayehitaji miaka kadhaa kabla ya kutaga, au kwa jongoo bahari aliyekwisha kuvunwa hadi haonekani? Kufunga mwamba miezi mitatu kisha kuufungua kwa wavuvi wa kila kitu ni kumhudumia pweza na kuwakusanya wengine mahali pamoja ili wavuliwe kwa urahisi.

Nini kifuate? Kwanza ufunguzi ubadilishwe. Badala ya siku moja ya kila mtu, mwamba ufunguliwe hatua kwa hatua, wenye mikonjo waanze bamvua ya kwanza na wapiga mbizi wangoje inayofuata, na wa vijiji jirani waingie kwa makubaliano ya kupokeana zamu. Pili, jike anayeatamia aachwe, mwamba ukiwa umefungwa au umefunguliwa. Pango lililozibwa kwa mawe na shada za mayai darini akina mama wanalitambua kuliko mtafiti yeyote. Jike huyo amekwisha kukonda, nyama yake ni duni, na ukimtoa yale mayai hayapati wa kuyatunza. Hakuna pweza mwingine ambaye kumwacha kunagharimu kidogo namna hii. Tatu, daftari la mizani liandike zaidi ya kilo. Dume hutambulika kwa mkono wa tatu wa kulia, ambao ncha yake haina vinyonyeo kama mingine, na jike akipasuliwa mayai yaliyokomaa huonekana kwa macho. Kijiji kikiandika hayo kwa misimu michache kitajua majike wake wanakomaa miezi gani, na kitachagua mwezi wa kufunga kwa ushahidi wa bahari yake chenyewe, badala ya kuazima kalenda ya Madagascar. Joto la maji linapopanda, ukuaji na umri wa pweza hubadilika pia, kwa hiyo kalenda hiyo itahitaji kurekebishwa tena na tena.

Linabaki suala la nani analipa. Rodrigues, kisiwa cha Mauritius, kilipofunga uvuvi wa pweza kuanzia Agosti hadi Oktoba mwaka 2012, wavuvi walipewa kazi nyingine za malipo kwa kipindi hicho. Kwetu gharama imeachwa kwa wachache walioizoea shida. Anayefaidika zaidi na pweza wa kilo tatu badala ya nusu kilo ni mnunuzi anayemsafirisha kwenda Ureno, Italia na Hispania, ambako mkubwa huuzwa kwa bei bora. Mkataba wa kufunga mwamba unapaswa kumtaja kwa jina, pamoja na kiasi atakachochangia kwa akina mama wa shehia ile kwa kila mwezi ambao mikonjo yao imekaa ukutani, na kamati isitoe tangazo la kufunga kabla fedha hizo hazijaingia.